Muhogo Ulitangulia Kuvuka Mpaka

Mwaka 1972 amani ilifika kusini mwa Sudan, na familia ya Yakani haikuwa na chakula cha kurudi nacho nyumbani. Watu walikuwa tisa. Chakula chao chote kilikuwa ardhini Lobule, karibu na Koboko, Uganda, mahali walipoishi kama wakimbizi. Nyumbani kwao, mwendo wa siku mbili kupita mpaka wa Kaya, kulikuwa na nyasi tu. Kwa miaka saba hakuna aliyelima kule.

Asubuhi moja mwishoni mwa Machi, Mariam Poni, mke wa Yakani, alikuwa anamenya muhogo. Elena, mama yake Yakani, alikuwa anatwanga. Yakani alirudi kutoka Koboko akisukuma baisikeli, anacheka peke yake.

"Mama Jale, nimepata lori! Alhamisi tunaondoka. Sisi wote. Jirani Lado na watu wake pia."

"Alhamisi hii?"

"Hii hii."

"Na muhogo wetu?"

"Namwuzia mwenyeji wetu Draku shamba zima. Atachimba mwenyewe."

"Tukifika tutakula nini?"

"Tutaona tukifika."

Elena aliacha kutwanga. "Hicho 'tukifika' ni chakula gani, mwanangu? Kinapikwa kwa muda gani?"

Watoto walicheka. Yakani hakucheka.

Yakani hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu. Mwaka 1965, walipokuwa wanakimbia vita, walitengana kwenye mto Kaya. Yeye alivuka na watoto wawili. Poni alivuka sehemu nyingine na wengine. Walitafutana kwa wiki tatu. Miezi michache baadaye mtoto wao Santino alikufa, akiwa na miaka mitatu. Tangu siku hiyo Yakani alisema watu wake hawatalala tena katika nchi mbili.

Poni hakubishana naye. Alijitwisha kikapu, akaenda Koboko kumtafuta Ocama, bwana shamba. Ocama alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia mbovu, lakini kazi yake aliijua. Jioni alifika Lobule.

"Mzee Yakani, nasikia unahama."

"Narudi kwetu."

"Vizuri. Huko iko mvua?"

"Iko."

"Iko udongo?"

"Udongo mzuri kuliko huu wenu."

"Haya. Na chakula iko wapi?"

Yakani aligeuka, akatazama muhogo wake.

"Sikiliza," Ocama alisema. "Ukipanda muhogo mwezi wa nne, utachimba mwaka ujao, mwezi wa nne au wa tano. Mtama utavuna mapema zaidi, lakini nyasi za miaka saba hazilimwi na mtu mmoja kwa wiki moja. Watu tisa watakula nini miezi hiyo yote? Watu wawili wenye nguvu watangulie. Wafyeke, wapande, wajenge. Wengine wabaki hapa na shamba hili. Shamba hili ndilo litakalowalisha wote, wa hapa na wa kule, mpaka lile jipya litoe."

"Hapana," Yakani alisema. "Sigawanyi watu wangu. Niliwagawanya mara moja, nikamzika Santino."

Hapo ndipo Poni aliposema. Hakupandisha sauti.

"Baba Jale, mimi ndiye niliyembeba Santino. Alipokufa tulikuwa pamoja wote, ndani ya nyumba moja. Wewe ulikuwa umekaa pale mlangoni. Hakufa kwa kutengana. Alikufa kwa sababu tulikuja bila chakula, na shamba tulilopanda lilikuwa bado changa. Sasa nina mimba. Sitaki kumbeba huyu namna ile."

Elena aliokota mchi, akauweka chini tena.

Yakani alitoka nje. Alizunguka shamba lake la muhogo lote. Aliporudi alimwuliza Ocama swali moja tu.

"Mbegu tunabebaje?"

Ninamheshimu mtu huyo kwa swali hilo. Wanaume wengi wangelala na hasira yao mpaka Alhamisi, kisha wakapanda lori.

Siku iliyofuata Ocama aliwafundisha. Walichagua miti ya muhogo iliyokomaa, yenye afya. Mti wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano waliuacha. "Huo ni mgonjwa," Ocama alisema. "Ukiubeba, umehamisha ugonjwa wako Sudan." Walikata miti mirefu, wakaifunga mafungu, wakaisimamisha kivulini na kufunika sehemu ya chini kwa nyasi mbichi zenye maji.

"Msiilaze juani," Ocama alisema. "Na msiikate vipande vidogo hapa, itakauka. Mtakata huko huko, siku ya kupanda. Kila kipande urefu wa shibiri, na macho ya kuchipua yasiyopungua matano. Pandeni kabla ya wiki mbili kwisha."

Aliwaambia pia wapeleke watoto wachanjwe ndui mapema, wapate karatasi ya chanjo, na waombe barua kutoka shuleni kwa watoto wanaosoma. "Ukifika mpakani bila karatasi, utakaa chini ya jua na maneno mengi."

Alhamisi lori lilipita. Lado, jirani yao, alikuwa amekaa juu kabisa ya vitanda na magunia.

"Yakani!" alipiga kelele. "Mke amekufunga kamba mguuni?"

"Amenifunga tumboni," Yakani alijibu. "Nenda salama."

Baada ya siku nne Yakani aliondoka na Jale, mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka kumi na saba. Baisikeli ilibeba mafungu ya muhogo, majembe, panga na gunia moja la makopa, yaani muhogo uliokaushwa.

Poni alibaki Lobule; wote walikuwa saba, yeye akiwemo. Alichimba muhogo kidogo kidogo. Uliokuwa mchungu aliuloweka siku tatu, akaukausha vizuri juani, akaweka makopa ndani ya magunia. Alichimba huku tumbo linakua. Binti yake Helen alisaidia kumenya. Elena alifukuza mbuzi kwa matusi ambayo watoto waliyapenda sana. Kila mwezi Jale alirudi na baisikeli kuchukua gunia. Yakani hakuweza kuja. Nguruwe-mwitu walikuwa wamezoea ardhi ile isiyo na watu. Shamba likiachwa usiku mmoja, wanalichimba.

Mwezi wa saba mtu alisimama uani kwa Poni. Alikuwa Lado. Suruali ilikuwa kubwa kwake.

"Mama Jale," alisema, "watoto wanakula majani."

Poni hakumkumbusha kamba. Alimpa gunia moja la makopa na mafungu mawili ya miti ya muhogo. Akamwonyesha jinsi ya kuifunika. Lado alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Agosti Poni alijifungua msichana. Walimwita Keji. Jale alipeleka habari kwa baba yake. Yakani alimtuma arudi na mtama mpya, wa mavuno ya kwanza, kikapu kimoja. Poni alipika uji wake, akanywa akilia kidogo.

Mwezi wa tano mwaka 1973 Jale alikuja na maneno mawili: "Muhogo tayari."

Lori liliwafikisha Kaya. Kutoka hapo walitembea siku mbili. Elena alikaa nyuma ya baisikeli, Jale anasukuma, na bibi huyo alimwelekeza kila jiwe. Makopa waliyobeba yalibaki gunia zima walipofika. Waliona nyumba mbili, ghala, na muhogo uliopita kichwa cha mtu. Yakani alisimama njiani. Aliwahesabu mmoja mmoja kwa kidole, kisha akahesabu tena.

Walioondoka nyumbani Lobule wote walifika. Hakuna kaburi lililochimbwa. Mwaka huo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyelala njaa.

Gharama ya yote hayo ni hii. Mbuzi wawili wa nauli ya lori. Rimu moja ya baisikeli. Shule ya Jale: aliacha darasa la sita na hakurudi. Miezi kumi na mitatu ya mume na mke katika nchi mbili. Na Keji, ambaye alikuwa hajawahi kumwona baba yake, alilia kila aliponyooshewa mikono. Yakani alingoja siku nne. Ya tano Keji alikubali kubebwa.