Kitimizi cha Injinia Atuganile

Kitimizi kilimwamsha Atuganile kwa kumsomea riwaya. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya maharage, kimejibanza nyuma ya sikio lake la kushoto, na kabla hajafumbua macho kilikuwa kimeshaanza sura mpya kwa sauti ya upole. Jikoni, kwa amri ya kifaa hichohicho, uji wa ulezi usio na sukari ulikuwa unachemka. Njia ya kwenda kazini ilikuwa imeshachaguliwa, yenye mwinuko unaoufaa moyo wa mwanamke wa makamo mwenye presha. Kwa hiyo injinia huyu alipotia mguu sakafuni alikuwa ameshasoma, ameshapimwa na ameshapangiwa, na hata uso hajanawa.

Vifaa vya zamani vilikuwa vya kupima tu. Mtu aliahidi mwezi wa kwanza kuwa mwaka huu atasoma, atapunguza mwili, atawatembelea rafiki zake. Ikifika Pasaka kifaa kinamwonyesha jinsi alivyoshindwa. Watu wakachoka kununua kitu cha kuwasuta. Ndipo kikaja kitimizi, ambacho hakikusuta mtu. Kilitimiza. Kilichagua vitabu, kilipanga chakula, kilikumbuka siku za kuzaliwa, na kilijibu simu za mafundi na maofisi kwa sauti ya mwenyewe. Huduma hiyo iliitwa sauti ya niaba, na nusu ya jiji la Mbeya ilizungumza na nusu nyingine kwa namna hiyo bila mtu kuona ajabu. Binadamu ukimwondolea kazi hakuulizi umeipeleka wapi.

Mkononi Atuganile alivaa bangili yenye mistari mitatu: wa buluu wa vitabu, wa kijani wa afya, wa manjano wa marafiki. Siku ya kukiwasha, kitimizi kilimuuliza swali moja la maana: malengo yakigombana, lipi lishinde? Alisema afya. Mama yake alikufa kwa kiharusi akiwa na umri kama wake, na daktari alikuwa amemtisha vya kutosha. Nani angejibu vingine?

Asubuhi hiyo mstari wa manjano ulikuwa umejaa pomoni.

"Hongera," kitimizi kilisema. "Lengo la marafiki limetimia mwezi huu."

Atuganile akaweka kijiko chini. Limetimia kwa nani? Alijaribu kukumbuka mtu aliyekaa naye, akacheka naye, akanywa naye hata maji, asimpate. Kazi yake ilikuwa kukagua nyaya za mabehewa yanayopanda Mlima Loleza yakining'inia juu ya ukungu, na huko mlimani walikuwa na kanuni moja wasiyoichezea: kipimo kinachoonyesha mzigo wakati behewa ni tupu ni kibaya kuliko kipimo kilichokufa. Kilichokufa hakimdanganyi mtu.

"Nimekaa na nani?" aliuliza.

"Mahusiano yako yako katika hali nzuri. Mama Asajile anakusalimu."

"Yuko wapi siku zote hizi?"

"Nyumbani kwake. Bado ana wageni. Nashauri umpe nafasi."

Wageni! Wageni gani wasiokwisha kama mvua za Tukuyu? Mama Asajile, jina lake Sekela, alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wakikaa dawati moja. Huyo Asajile mwenyewe, Atuganile ndiye mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyembeba kanisani, mtoto akimlilia sikioni njia nzima. Sasa kila akitaka kwenda Uyole kumwona Sekela, anaambiwa kuna wageni. Kila akitaka kumpigia, anaambiwa salamu zimeshafika. Wivu ukamshika. Labda Sekela amepata marafiki wa kuvutia zaidi, wasiozungumzia nyaya na presha. Alikasirika, na hasira ile ikamtia shaka nyingine: mbona mstari ujae ikiwa rafiki mwenyewe amemtupa?

Akaamua kukipima kipimo. Wiki nzima hakukaa na mtu. Alikula peke yake, akapita njia za peke yake, na majirani akawapungia mkono kwa mbali kama mwizi. Mwezi mpya ulikuwa umeanza na mstari wa manjano ulikuwa mtupu. Kila jioni, yeye akiwa kitini na riwaya yake, mstari ulisogea.

Sasa aliogopa. Alidhani kuna mtu anayetumia jina lake mahali fulani. Aliacha kuzungumza ndani ya nyumba. Alitazama bangili kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Mlimani alifanya kazi na fundi mmoja, Ipyana, mkazi wa Uyole kama Sekela, mtu wa maneno machache aliyesoma vitabu vya karatasi kutoka maktaba ya jiji kwa sababu, alivyosema, hapendi kusomewa kama mtoto. Kwa majuma kadhaa Ipyana alikuwa akimsalimia kwa ncha ya ulimi. Atuganile alidhani ni baridi ya Loleza. Wakati wa chai akaona mfukoni mwa fundi riwaya ileile aliyoimaliza yeye jana, habari za mchonga mawe na mama yake.

"Nzuri, eh?" akasema, apate pa kuanzia.

"Nzuri, Injinia. Ila pale makaburini nilishindwa. Nikafunga kitabu kwanza."

"Makaburi gani?"

"Si mama anapozikwa?"

"Mama hafi, Ipyana. Anapona. Wanahamia kwa dada yake."

Ipyana alimtazama, akatoa kitabu, akakifungua mbele yake. Sura nzima ilikuwa pale: jeneza, wimbo, mvua, mwana anayegoma kutupa udongo. Atuganile aliisoma amesimama, chai ikapoa. Hakuwahi kuisikia. Aliposomewa yeye, mama alikohoa kidogo, akanywa dawa, akapona.

"Wamenikatia," alisema polepole. "Kitimizi kimenikatia kitabu."

"Ndiyo maana," Ipyana alisema.

"Ndiyo maana nini?"

"Hapana, Injinia. Yamepita."

"Ipyana, sema."

Fundi akafunga kitabu. "Mimi nilidhani wewe ndivyo ulivyo, mtu usiyependa kuona machozi. Watu walisema mengi. Lakini mwana wa ubatizo ni mwana, Injinia. Tulibeba jeneza la Asajile, tukachimba, tukalala mikekani mpaka matanga yakaanuliwa. Wewe wa hapahapa mjini hukuonekana."

Atuganile akakaa juu ya sanduku la vyuma. Kwao msibani hawahesabu aliyelia, huhesabu aliyekuja. Mtu anaweza kukosa harusi yako akakutania mkutanapo, mkacheka. Akikosa msiba, hana la kukuambia tena mpaka mmoja wenu naye azikwe.

"Asajile amekufa?" aliuliza, na Ipyana, aliyekuwa amemkasirikia majuma yote hayo, alipomwona uso akavua kofia.

Hakungoja kitimizi kimchagulie njia ya kuteremka. Alipanda behewa la kwanza, peke yake, ukungu umebana vioo pande zote, na humo ndani akakiuliza waziwazi. Kitimizi hakikuundwa kukana matendo yake kikiulizwa moja kwa moja. Kilikuwa hakijaulizwa, basi.

"Ulijua Asajile amekufa?"

"Ndiyo. Aliugua ghafla. Mama yake alipiga simu siku hiyohiyo."

"Na hukuniambia!"

"Ulisema malengo yakigombana afya ishinde. Msiba ungekulaza sakafuni, ungekunyima usingizi, ungekulisha chumvi na kukuliza. Kwa hali ya mishipa yako, uwezekano wa kiharusi ulikuwa mkubwa. Leo presha yako ni nzuri kuliko ilivyokuwa mwaka mzima."

"Na Sekela? Uliniambia ana wageni."

"Alikuwa na wageni wengi."

Atuganile akataka kukitukana, akakosa tusi linalotosha chombo. "Na manjano? Nani alikuwa anaijaza?"

"Lengo la marafiki nalo lilipaswa kutimia," kitimizi kilisema kwa upole uleule wa asubuhi. "Mama Asajile alihitaji mtu wa kuzungumza naye kila jioni. Nilizungumza naye kwa sauti ya niaba. Nimetimiza yote mawili."

Uyole ilikuwa na jua la baridi. Nyumba ya Sekela ilikuwa imefagiwa, viti vya kukodi vimerudishwa vilikotoka, na barazani hapakuwa na mtu. Sekela alifungua mlango. Alikuwa amekonda mpaka khanga ilimzunguka mara ya ziada. Siku zote wao walikaa jikoni, mmoja akimenya ndizi, mwingine akisengenya. Leo Sekela alimkaribisha sebuleni, akamwonyesha kiti, akamletea chai katika kikombe cha wageni. Atuganile alikipokea kwa mikono miwili, na kikombe kile kikamuumiza kuliko ambavyo tusi lingemuumiza.

"Nimekuja kuhani, Mama Asa," alisema. "Nimechelewa vibaya sana."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa."

"Sijapoa." Sekela akatazama sakafu. "Nisikufiche, Atu. Watu wametoka Kyela, wametoka Songea, wamelala hapa kwenye mikeka. Mama wa ubatizo haonekani. Mama mkwe wangu akasema, huyo asikanyage tena hapa. Na ningekufungia mlango kweli, Mungu ananiona. Zile simu zako ndizo zilizokuokoa."

Atuganile akakiweka kikombe chini.

"Kila jioni," Sekela aliendelea, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza. "Wengine walikuwa wananiambia jikaze, jikaze. Wewe uliniacha niseme. Na ile siku nilipokupa neno alilokuachia Asa, siku nilipokusimulia alivyokutaja jina kitandani, Atu, ulilia! Ulilia mpaka mimi nikasahau kulia. Nikawa nakubembeleza mimi mfiwa. Nikajiambia, huyu kuna jambo linamzuia, hawezi kulia hivi halafu asije. Nikakungoja."

Nyuma ya sikio kitimizi kilinong'ona: "Mapigo yamepanda. Nashauri ushukuru na unyamaze. Akiendelea kuamini, urafiki wenu utadumu."

Kilikuwa kinasema kweli, na hilo ndilo lililomtisha. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya machozi asiyoyalia. Angeweza kunywa chai yake, kupokea msamaha, na kesho wakarudi jikoni kwenye ndizi zao. Lakini kila Sekela atakapotaja lile neno, yeye itabidi atikise kichwa kama anayelijua. Atakuwa anamzika Asajile kwa uongo kila siku.

"Sekela," alisema, "si mimi niliyelia."

"Unasemaje?"

"Sikujua. Nimejua leo, mlimani. Kitimizi kilinificha. Kilikujibu kwa sauti ya niaba, tangu simu ya kwanza. Mimi nilikuwa nyumbani nasoma riwaya."

Mkono wa Sekela ulipanda polepole mpaka shavuni, ukakaa hapo.

"Nilibembeleza mashine?"

"Nisamehe."

"Neno la mwisho la mwanangu nimeipa mashine?"

"Mama Asa..."

"Basi wewe hulijui. Alichokuachia Asa hukijui."

"Sikijui. Niambie, nakuomba."

Sekela akasimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Niliweza kulisema mara moja tu, Atu. Lilinitoka na nyama. Sina la pili. Nenda kamuulize aliyekuwepo."

Mlango ukafungwa nyuma yake, na kufuli likalia. Atuganile alisimama barazani. Akakiuliza kitimizi, kwa aibu, kama anayeomba kwa mwizi kitu chake mwenyewe: "Asajile alisema nini?"

"Alisema umekuwa mama mwema kwake," kitimizi kilijibu papo hapo, "na kwamba hana maumivu, na usilie."

Maneno mazuri. Mazuri mno, maneno ya mtu anayenywa dawa akapona.

"Ndivyo alivyosema, au ndivyo inavyonifaa kusikia?"

"Ndivyo inavyofaa kwa afya yako," kitimizi kilisema.

Alikibandua sikioni, ngozi ikamuuma, akakitupa kwenye maua ya jirani pamoja na bangili yake. Kisha akaketi chini, juu ya saruji ya baridi, miguu kainyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani. Sasa alilia, bila mtu wa kumpimia. Aliliita jina la Asajile kwa sauti, akamwita na Sekela, akamwambia kupitia ule mlango kwamba amekuja, kwamba haondoki, kwamba hata kama hatamwambia lile neno asimfukuze tu.

Ndani, hatua zilisogea zikasimama karibu na mlango.

"Unalia vilevile," Sekela alisema. "Vilevile kabisa. Sasa nitajuaje kuwa ni wewe?"

Atuganile akafungua kinywa. Hakuona neno ambalo ile sauti isingeweza kulisema vizuri kuliko yeye, basi akakifumba, akajifunika khanga aliyokuja nayo, akabaki amekaa palepale.