Kidole cha Mwisho cha Mahfoudha

Mpwa wangu Fairuz hupamba kucha nyumbani kwetu Mishomoroni, sebuleni, karibu na dirisha lenye mwanga. Kila mteja huja na mada yake. Wa Idi huchorewa mwezi mwandamo, wa kuhitimu huchorewa kofia na vitabu, na binti mmoja aliwahi kutaka matunda kumi, kila ukucha tunda lake. Mimi hukaa pembeni nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu.

Jumanne moja alikuja Mahfoudha, bintiye Bi Nyamvula wa nyumba ya tatu. Harusi yake ilikuwa Jumamosi. Alikuwa katika siku zake za kutoswali, kwa hivyo hakuwa na wasiwasi wa udhu. Akataka kisutu, kanga ya bibi harusi, kichorwe kwenye kucha zote: nyekundu, nyeupe, nyeusi.

"Ukinikosea hata nukta moja, wallahi harusini siji," alisema.

"Usije. Bwana harusi nitamchukua mimi."

Walicheka mpaka brashi ikateleza. Fairuz alipaka rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa na isiyotoka mpaka ilowekwe dawa. Zilipendeza. Niliziangalia nikajisikia fahari, kana kwamba nimezichora mimi.

Alhamisi asubuhi Mahfoudha alilalamikia kichwa. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa maiti.

Mtaani kwetu mimi ndiye ninayewaosha wanawake wanapofariki. Kabla ya kuosha, kila kitu kinachozuia maji kwenye ukucha huondolewa. Nikamwita Fairuz aje na dawa yake. Alinikuta chumbani kwao Mahfoudha. Akazifunga kucha kwa pamba, akasubiri, akakwangua moja baada ya nyingine, huku machozi yakimziba macho. Nje jeneza lilikuwa limeshaletwa. Mazishi yalikuwa baada ya alasiri.

"Shangazi," alininong'oneza, "bado kimoja."

Kilikuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

"Kitachukua muda gani?"

"Robo saa."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Nyamvula. "Mwalimu, kucha zimetoka zote?"

Robo saa tu. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini kucha zile zilichorwa nyumbani kwangu, na nje mtaa mzima ulikuwa unangoja. Niliona haya kusema kwamba rangi ya nyumbani kwangu ndiyo inayomchelewesha maiti. Nikakikunja kidole kile ndani ya kiganja chake.

"Zote," nikajibu.

Fairuz akanitazama. Tukamimina maji.

Siku ya kumi akaja Velma, jirani yetu anayesomea uuguzi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni. Alitaka samaki. Fairuz akachora, taa ikawaka, ikazimika. Velma akainua mkono wake wa kushoto.

"Wee Fairuz, mimi nimeagiza samaki. Hiki cha mwisho ni bendera ya wapi?"

Nyekundu. Nyeupe. Nyeusi.

"Hicho sijakigusa," Fairuz akasema.

Alikiloweka. Hakikutoka. Alikikwangua mpaka Velma akapiga yowe. Kisha Velma akanyamaza ghafla. Akanigeukia. Akasema taratibu:

"Shangazi, bado kimoja."

Velma huniita mwalimu. Hajawahi kuniita shangazi.

Mara akapepesa macho, akauliza kwa nini sote tumesimama. Alipotazama kidole chake, ukucha ulikuwa mtupu. Safi. Kana kwamba haujawahi kupakwa chochote.

Adhuhuri hiyo nilipotawadha, maji yalikikwepa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nikakitumbukiza ndooni. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikakitoa.

Kikavu.

"Twende tukamwambie mamake," Fairuz alisema.

"Kesho."

Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu Fairuz akafunga kisanduku chake cha rangi, akakisukuma chini ya kiti.

"Shangazi, watoto wa darasani kwako wakisema uongo, huwaambia wangoje kesho?"

Aliniuliza kwa upole. Ndiyo maana niliumia.

Tulikwenda mchana huohuo. Tulipobisha hodi, Bi Nyamvula alitoka mbio, akanishika mkono kabla Fairuz hajamaliza kumwamkia.

"Afadhali umekuja, mwalimu. Kuna kitu nataka unitazamie. Sijamwonyesha mtu, nisije nikaambiwa nimerukwa na akili."

Akatuingiza katika chumba tulichomwoshea Mahfoudha. Ukutani, usawa wa bega, palikuwa na alama ya kiganja. Kilikuwa cha majimaji, kama mtu aliyetoka kunawa akauegemea ukuta.

"Tangu siku ya mazishi," akasema. "Nimepaka chokaa mara mbili. Hakikauki. Na tazama vidole."

Vilikuwa vinne. Mkono wa kushoto. Cha mwisho hakikuwepo.

Nikakaa chini sakafuni, mbele yake, mimi niliyezoea wanafunzi kusimama ninapoingia. Nikamwambia yote. Robo saa. Kidole nilichokikunja. Ile "zote" niliyoitamka nikiwa nimeushika mkono wa mwanawe.

Bi Nyamvula hakupiga kelele. Ningetamani apige.

"Ungeniambia, ningengoja," akasema. "Ningengoja hata mpaka magharibi. Nilikuwa na haraka gani ya kumzika mwanangu?"

Sikuweza kuinua uso. Niliisikia sauti ya Fairuz tu.

"Shangazi. Ukutani."

Pembeni mwa vidole vinne, chokaa ilikuwa inalowa. Kwanza nukta. Kisha mstari mwembamba. Kidole cha tano kilijichora polepole, kutoka ncha hadi kwenye kiganja, na hapakuwa na mtu aliyeugusa ukuta.

Bi Nyamvula akausogelea, akaweka kiganja chake juu ya kile. Akafumba macho. Alipozungumza, hakuwa akizungumza nasi.

"Abee, mwanangu," akaitika.

Sisi hatukuwa tumesikia mtu akiita.