Pete Isiyochana Glavu

"Tupe jina tu, mzee, tukamtambie mtu," alisema shoga wa nesi mmoja, ameegemea kaunta ya duka la vito.

Nesi alivua pete yake ya uchumba akamkabidhi mwenye duka. Mchumba wake alimwapia kwamba pete ile ya almasi ilibuniwa na bingwa mmoja wa ng'ambo, ila jina limemtoka. Harusi ilikuwa Jumamosi, na wodi nzima ilitaka kulijua hilo jina.

Mzee aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaguna.

"Haina muhuri. Lakini namna jiwe lilivyoshikwa ndiyo sahihi ya fundi. Wengi huliinua juu lionekane. Huyu amelizamisha, na kucha zote nne zinazolishikilia kazilaza zisikwaruze. Mwenye mkono huu namjua mmoja tu."

"Yuko nchi gani?"

"Yuko chumba cha nyuma. Fundi, hebu njoo mara moja."

Aliyetoka alikuwa na vidole vyeusi kwa dawa ya kung'arishia. Nesi alimtambua mara moja.

"Niliitengeneza miaka miwili iliyopita," sonara alisema, macho kwenye pete. "Kuna mtu kila pete aliyovaa kazini ilimchania glavu. Alipoacha kupokea simu zangu, nikaipeleka ikauzwe duka jingine. Mwezi uliopita ikapata mteja."

Nesi alimpigia mchumba wake, akaweka spika.

"Mpenzi, hii pete hasa nani aliibuni?"

"Si nilikwambia? Mtu wa ng'ambo. Nilimganda mpaka akanitengenezea ya kukufaa wewe peke yako."

Nesi alikata simu. Angekasirika, lakini uso wa kukasirika aupate wapi?

"Halafu wewe kaka, sura yako si ngeni," shoga alidakia. "Si yule fundi vitasa aliyekuja kule getini hospitali, eti kutengeneza kitasa cha mlango wa mwenzangu huyu?"

Ndipo sonara akamtazama nesi.

"Hata mimi nilikusikia ukiniita hivyo siku ile. Nilikuwa hatua tatu nyuma yenu."

Kumbe alisikia. Miaka miwili nesi alijifariji kwamba hakusikia. Sasa alitamani sakafu immeze, na viatu vyake.

"Hakuwa fundi vitasa," alimwambia shoga yake. "Alikuwa mpenzi wangu. Nilivionea haya vidole vyake mbele yenu." Akamgeukia sonara. "Nisamehe. Sina cha kujitetea."

Sonara alifuta mikono kwenye aproni.

"Irudishe kwa aliyekuvisha. Mengine sijui."

Jioni hiyo hiyo pete ilirudi kwa mchumba, na harusi ikaishia hapo. Nesi akamwandikia sonara meseji: "Kesho natoka saa kumi. Njoo getini."

Sonara akajibu: "Wakikuuliza mimi ni nani?"

Kesho yake nesi alitoka na wenzake wanne, akamwendea sonara moja kwa moja, akamshika mkono. Weusi ulihamia kwenye sare yake nyeupe, akauacha.

"Huyu ni sonara," aliwaambia. "Nilimpenda, nikawaficha. Bado nampenda."

Manesi walitazamana. Sonara hakuuondoa mkono.

"Na kile kitasa nilichokuja kutengeneza siku ile," alimwuliza taratibu, "kiliishia vipi?"