Upande wa Kulia Juu

Duka la vifurushi lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na hilo ndilo lililomfanya Kanae avae mbiombio.

Yeye na mumewe, Shuhei, walikuwa na siku moja tu mjini Matsuyama, na Shuhei alikuwa ameipanga siku hiyo kwenye karatasi kama ratiba ya shule. Kuacha mabegi kwenye makabati ya stesheni. Kukata tiketi za boti ya kesho. Dawa ya macho. Ngome ya kilimani. Wali wa samaki changu. Sanduku la machenza la kumtumia mama yake. Bafu la maji ya moto.

"Umesahau kuandika saa ya kuvuta pumzi," Kanae alimtania asubuhi.

"Imo. Kwenye tremu, kati ya kituo cha tatu na cha nne."

Walicheka. Siku hizo walicheka sana, tena kwa vitu vidogo, maana kulikuwa na jambo moja kubwa wasilolitaja. Miezi mitano nyuma Kanae alijifungua mtoto ambaye hakulia.

Mchana walipita mbele ya hekalu la hamsini na moja, katika yale themanini na manane ambayo mahujaji huyazunguka kwa miguu. Karibu na lango palikuwa na sanamu ndogo za mawe, za mlinzi wa watoto waliokufa, kila moja imefungwa shingoni bibu nyekundu, kile kitambaa cha kukingia mate ya mtoto. Kanae alisimama. Ndani ya mkoba alikuwa na bibu aliyoishona mwenyewe, usiku, kwa siri.

"Dakika tano tu," alisema.

"Tremu inakuja."

"Itakuja nyingine."

"Kanae, tafadhali. Si leo."

Si leo. Si jana. Tangu hapo waliambiana ya lazima tu: shika hiki, lipa kile, tushuke hapa. Walichukua chumba, wakavaa yukata za nyumba ya wageni, yale mavazi mepesi ya pamba ambayo kila mgeni wa mtaa ule hutembea nayo kwenda bafuni, kisha wakaachana mlangoni pa bafu, Shuhei upande wa wanaume, Kanae upande wa wanawake.

Alipotoka majini Kanae alivaa mbele ya kioo. Akafunga mkanda. Akatoka.

Shuhei alikuwa nje, sanduku la machenza kwapani, simu sikioni.

"Hapana, mama, bado yumo ndani," alikuwa akisema. "Unamjua Kanae na maji."

"Haya, nimetoka," Kanae alisema.

Shuhei alitazama upande wake. Macho yake yakampita, yakaenda kwenye pazia la mlango, yakatulia pale.

"Bado, mama. Acha niwahi kutuma, nitarudi kumchukua."

Akaondoka.

Kanae alibaki ameachama. Kumbe ndiyo adhabu yangu? aliwaza. Kwa ajili ya dakika tano? Akamfuata huku viatu vya mbao vikimkwaza. Mbona viatu vyenyewe havikulia juu ya mawe? Hilo hakulitilia maanani. Hasira ilimziba masikio.

"Shuhei! Utoto gani huu?"

Shuhei hakugeuka. Aliingia dukani. Mlango ulikuwa wa kioo, wa kujifungua wenyewe. Ulimfungukia, ukajifunga. Kanae akasimama mbele yake.

Haukufunguka.

Akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena. Akapunga mkono juu. Ndani, Shuhei alikuwa akiandika anwani ya mama yake, na msichana wa dukani alimuuliza jambo huku akitabasamu.

Kanae aligonga kioo kwa kiganja. Hakikutoa sauti.

Ndipo aliponusa ubani.

Halafu kengele. Ndogo. Nyuma yake. *Ting*... kimya... *ting*...

"Usimgongee, mwanangu. Hawatusikii hao."

Alikuwa bibi mfupi, amevaa nguo nyeupe za hujaji, kofia pana ya majani imemfunika hadi puani. Fimbo yake ilikuwa na kengele juu. Upindo wa nguo yake ulikuwa umelowa matope, na mwezi mzima mvua haikunyesha Matsuyama.

"Bibi, unaniona?" Kanae alinong'ona.

"Nisikuone kwa nini? Umevalishwa vizuri. Safi kabisa. Nani alikuvalisha, mama yako?"

"Nimevaa mwenyewe."

Bibi akacheka kidogo, kicheko kikavu kama majani.

"Mwenyewe! Hilo jipya. Sisi wengine tulivalishwa."

Kanae akajitazama kifuani.

Upande wa kulia ulikuwa juu.

Hata mtoto wa shule analijua hilo. Aliye hai hufunika upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Anayegeuziwa, kulia juu ya kushoto, ni mmoja tu, na hugeuziwa akiwa amelala, macho yamefungwa, na jamaa zake wamezunguka wakilia.

"Bibi, mimi sijafa. Nimekosea tu."

"Wote husema hivyo siku ya kwanza." Bibi alimshika mkono. Vidole vyake havikuwa baridi. Havikuwa na moto wala baridi, kama vile hukushikwa na kitu. "Twende. Watoto wadogo wanangoja kando ya mto wa wafu, wanapanga mawe yao. Kuna mmoja, huu ni mwezi wake wa tano hapo. Masikini, jiwe halijui, kulia hakujui. Hata jina hakupewa. Kila kengele ikilia hugeuza shingo, anadhani ni mama yake."

Kanae alisahau kuvuta mkono.

"Mwezi wake... wa tano?"

"Si mbali. Ni hapo tu juu."

Angefanya nini? Wewe ungefanya nini? Miezi mitano alikuwa ameamka kila usiku matiti yakimuuma kwa maziwa yasiyo na mwenyewe. Akaenda. Taa za maduka zilikuwa zikiwashwa, watu wakipita na yukata zao wakila mayai ya moto, na hakuna aliyempisha. Mwanamume mmoja alimpitia begani kama mtu anayepita kwenye moshi. Kila hatua alizidi kuwa mwepesi. Kisigino kilichochubuliwa na kiatu kiliacha kuuma. Kifua nacho kikaacha kuuma. Hapo, msomaji, ndipo pa kuogopa: kifua kiliacha kuuma, naye akashukuru.

Ting... ting...

Nyuma yao, mbali, sauti iliita.

"Kanae!"

Shuhei alikuwa amerudi bafuni, akaambiwa wanawake wote wametoka. Akajua pa kumtafuta. Sasa alikuwa anapanda barabara ya hekalu mbio, kiatu kimoja hana, mkanda unamfunguka. Akawapita. Aliwapita karibu kiasi kwamba Kanae alinusa sabuni shingoni mwake. Akafika kwenye zile sanamu, akazunguka moja baada ya nyingine, kisha akakaa chini.

"Kanae, kama umejificha, toka. Nisamehe. Sikuwa na haraka ya tremu." Alikuwa analia kama watoto wanavyolia, kwa mdomo wazi. "Niliogopa nikipiga magoti hapa sitasimama tena. Nilimpa jina, Kanae. Siku ileile, pale kwenye ujia wa hospitali. Sikukuambia. Nilimwita Nagi."

Akaelekeza uso gizani, akaita.

"Nagi!"

Kengele ilinyamaza. Bibi aligeuza kofia yake kuelekea kilimani, akasikiliza kitu... akatabasamu.

"Umeona?" alimwambia Kanae. "Sasa ana jina. Twende upesi, kabla hajaanza kututafuta."

Kanae alisimama katikati. Kule juu, giza na ubani, na mwanawe. Hapa langoni, mwanamume aliyekaa kwenye changarawe na kiatu kimoja, ambaye asubuhi alimwekea kipande kikubwa zaidi cha samaki kwenye bakuli lake akadhani Kanae hakumwona.

Fundo la mkanda lilimshinda kwa vidole. Akaung'ata kwa meno. Akaufungua. Akatupa upande wa kulia ndani, akavuta wa kushoto juu, akakaza.

Maumivu yalirudi yote kwa mpigo. Kisigino. Kifua. Akapiga ukelele.

Bibi aligeuka, akapapasa hewa.

"Mwanangu? Uko wapi? ...Mwanangu?"

Kofia ikainuka kidogo. Kanae hataki kusema alichokiona chini yake. Kisha hapakuwa na bibi, ila kengele tu iliyokuwa ikizunguka, ikizunguka, karibu na sikio lake, ikimtafuta. Halafu ikapanda kilima taratibu... ting... ting... ikapotea.

"Kanae?" Shuhei alikuwa amesimama. "Umetokea wapi? Hapo palikuwa patupu."

Kule nyumba ya wageni, mhudumu mzee, Mama Okuno, aliwasikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye birika la chai.

"Hutokea," alisema. "Zamani hujaji alikuwa anafia njiani, na nguo yake nyeupe ndiyo sanda. Wengine hawajui kwamba wamefika mwisho. Hawana ubaya hao. Wanaona vazi, wanadhani ni mwenzao." Akamsogelea Kanae, akamkaza mkanda mpaka pumzi ikamkatika. "Lakini, bibie, mimi nimewafungia wageni mikanda miaka arobaini. Watoto hukosea. Wazungu hukosea. Mtu mzima wa hapa, mbele ya kioo?"

Shuhei alimtazama mkewe.

"Hukuona?"

"Nilikuwa na haraka," Kanae alisema.

Walirudi kwao. Shuhei alizitupa yukata zote za nyumbani, akamnunulia mkewe nguo za kulalia zenye vifungo. Jina la Nagi sasa wanalitaja mezani, na wakati mwingine wanalia pamoja, na watu wanasema wamepona. Hata hivyo, kila Kanae akitoka bafuni, Shuhei humtazama kwanza kifuani, nguo ilivyokaa, ndipo humtazama usoni.

Yeye humwacha atazame. Kuna jambo moja tu hajamwambia.

Jioni ile, Shuhei alipoliita lile jina gizani, kilimani kuliitikiwa.