Mngurumo wa Mtasema

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Oliva, kwa hiyo sikuyaokota kijiweni. Anayetaka kubisha atabisha, ila aningoje nimalize kwanza.

Oliva aliolewa Endasak, upande ule ambako mashamba yanapanda mlima mpaka yanapotelea kwenye ukungu. Mume wake, Yohanes, ni mtu mpole mno. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Waliishi na mama yake Yohanes, Bibi Marieta, wakilima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache. Walikosa kitu kimoja tu, mtoto. Miaka ilipita, na kijiji kama mnavyokijua, hakinyamazi. Walisemwa kisimani, wakasemwa mashineni, wakasemwa hata kwenye jumuiya kabla ya watu kumaliza ishara ya msalaba.

Yohanes, kwa upole wake, hakumjibu mtu. Alipopewa mtoto wa mbwa, mwekundu, mwenye masikio makubwa, alimpa jina la Mtasema. Kwetu jina la mbwa huwa na mwenyewe ng'ambo ya ua. Kila jioni Yohanes alisimama uani akiita, "Mtasema! Mtasema wee!" na aliyelengwa alisikia vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Aliyelengwa alikuwa Bibi Hilaria, mjane wa nyumba ya pili, upande wa pili wa ua wa minyaa. Mdomo wake haukuwa na breki. Tena aliishi peke yake, akachimba mizizi ya kutibu ng'ombe, na hakuwahi kuzaa. Mwanamke wa namna hiyo watu walishamhukumu zamani, wakabaki kutafuta kosa. Bibi Marieta hakupokea hata chumvi kutoka mkononi mwake.

Kisha Mungu akakumbuka. Oliva akajifungua mtoto wa kike, wakambatiza Belinda. Siku ya ubatizo Yohanes alilia mbele ya padri bila aibu, nasi tukalia naye.

Wakati huo Mtasema alikuwa mbwa mzima. Kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa nyumba. Alilala mlangoni, akanywa maziwa kwenye bakuli lake, Oliva akamtoa kupe masikioni kwa mikono yake mwenyewe. Belinda alipokuja, hakuna aliyekumbuka masikio ya Mtasema. Likaanza kuoza moja, la kushoto, likawa linatoa usaha.

Belinda alipoanza kutambaa, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa mbwa. Mtasema aligeuza kichwa pembeni. Akajilamba mdomo. Akainuka, akaenda kulala kwingine. Mtoto akamfuata. Ikawa hivyo kwa siku kadhaa, mmoja anafuata, mwingine anahama, nasi wakubwa tunasema tazama wanavyocheza.

Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia siku aliponguruma mara ya kwanza. Belinda alikuwa amemshika mkia. Mtasema alikakamaa mwili mzima, na sauti ikatoka chini kabisa kifuani mwake, ndogo, ndefu. Oliva aliruka akamnyakua mtoto.

"Mwache," Bibi Marieta alisema, hata hakuacha kuchambua maharage. "Mbwa hawezi kumngurumia mtoto wa nyumbani kwake. Anamngurumia aliyekuja na mtoto."

"Aliyekuja naye nani, mama? Hapa tuko sisi tu."

"Ninyi mnaona nini, ninyi?" Macho yake yakaenda kwenye ua wa minyaa. "Mbwa anaona."

Na kweli, ng'ambo ya ua alikuwa amesimama Bibi Hilaria na jembe lake. Alikuwa ametazama yote. Akasogea mpaka kwenye uwazi wa ua, akaishia hapo, maana alijua mpaka wake.

"Shikamoo, bibi," Oliva alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo mbwa anamkataa mtoto. Sikio linamuuma, na mtoto hajui. Mfungeni mbali kwanza, mpaka mtoto apate akili. Akinguruma, anawaomba."

Alisema hayo, akaenda zake. Oliva alianza kutafuta kamba. Lakini Bibi Marieta alikuwa amesimama, ungo umemwagika miguuni pake.

"Umesikia?" alinong'ona. "Umesikia mwenyewe? Anataka mlinzi aondolewe. Mchawi akishindwa na mbwa, anakuja kwa maneno mazuri. Mfunge huyo mbwa, Oliva, na kesho utamzika mtoto."

Nani angebishana na hilo? Miaka yote ile tumbo la Oliva lilikuwa kavu, na wote nyumbani mle waliamini ni nani aliyelikausha. Jioni Yohanes aliporudi aliambiwa, naye akaona mama yake ana haki. Kamba ikatupwa juu ya paa. Gunia la Mtasema likahamishwa kutoka mlangoni, likatandikwa kando ya mkeka wa Belinda. Kila mbwa aliponguruma, Bibi Marieta alifanya ishara ya msalaba na kumshukuru Mungu.

Sasa, siku yenyewe. Mimi nilikuwa kwangu Masakta. Oliva alinisimulia mara moja tu, na sitamuuliza tena.

Ilikuwa asubuhi nzuri, jua limetoka baada ya ukungu wa muda mrefu, maharage yamekauka yanapasuka yenyewe. Siku kama hiyo haiachwi. Wote watatu walitoka na fimbo uani wakaanza kupura. Belinda aliachwa barazani kwenye mkeka, kivulini, hatua chache tu kutoka kwao. Mtasema alikuwa amelala kando yake, sikio bovu limegeukia juu.

"Mlinzi yupo," alisema Bibi Marieta.

Mnajua kelele za kupura maharage. Fimbo tatu zikishuka kwa zamu, husikii hata anayekuita kwa jina. Vumbi likapanda. Wakaimba. Oliva aligeuka kutazama, akamwona mtoto amekaa, anacheka. Akageuka tena, mtoto ameegemea ubavu wa mbwa. Akainua fimbo. Akaishusha. Akainua.

Mbwa alinguruma. Lazima alinguruma, alikuwa ananguruma kila mara. Fimbo zilikuwa zinashuka.

Oliva anasema hakusikia mlio wa mtoto. Alichosikia ni kimya. Yohanes alikuwa ameacha kupura, na Bibi Marieta ameacha, wote wanatazama barazani.

Ilikuwa mara moja. Mara moja tu, shingoni. Mtasema alikuwa amekwisha kujitenga, amejibana ukutani, anatetemeka, na sikio lake linachuruzika damu pale lilipovutwa. Hakukimbia. Walimpakia Oliva na mtoto kwenye bodaboda kwenda hospitali. Njiani Oliva alimwambia kijana wa bodaboda apunguze mwendo, hakuna haraka tena.

Aliporudi na kile kifurushi cha kitenge, uani kulikuwa kumejaa vijana wenye mapanga na petroli. Bibi Marieta alikuwa chini, amejipaka majivu, analia kwamba Hilaria amemwingia mbwa. Bibi Hilaria alikuwa amejifungia ndani kwake. Dada yangu alipita katikati yao, gauni lake vile lilivyokuwa, akaenda kusimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa na mtoto wake mkononi.

"Alituambia," alisema. "Huyu bibi alituambia."

Hakuna aliyevuka. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yohanes alimchukua Mtasema kwa kamba, akashuka naye korongoni, akarudi na kamba tupu. Mpaka leo hajataja jina hilo. Bibi Marieta naye aliacha kuongea na watu, akawa wa kukaa barazani na rozari, na mwaka haukuisha tukamzika.

Nawaomba mnivumilie hapa. Roho yangu inauma kila ninapofika.

Baadaye Oliva alipata mtoto wa pili, wa kiume, Basili. Nyumba ile haikufuga mbwa tena, hata wa kupita walifukuzwa kwa mawe. Oliva alipokwenda shamba alimwacha Basili kwa Bibi Hilaria. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee, na dada yangu aliufuata usemi huo mchana kweupe, watu wakisema mpaka wakachoka. Yule bibi alimlea mtoto kama yai.

Basili akaanza kutambaa. Na siku hiyo hiyo, saa za mchana, Oliva akiwa anaosha vyombo, alisikia.

Kutoka barazani. Chini. Ndogo, ndefu.

Alidondosha sufuria. Alimkuta Basili peke yake, anatambaa kuelekea ukutani. Hapakuwa na kitu. Alimnyakua, sauti ikaendelea kidogo, kisha ikakatika.

Ikarudi kesho yake, na siku nyingine. Yohanes aliisikia. Katekista alikuja akanyunyiza maji ya baraka, akaisikia akiwa katikati ya sala, akaisahau sala. Walipohamisha mkeka kuupeleka jikoni, ikawafuata jikoni. Oliva hakulala, hakula. Kila iliponguruma alimnyakua mtoto akakimbia naye nje. Ndipo nikamwambia Yohanes, nipe dada yangu na mtoto wake wakae kwangu, huku Masakta hakuna anayewajua.

Walifika wakiwa wamekonda wote wawili. Wakakaa kwangu kwa utulivu, siku zikaenda, nikaanza hata kumtania kwamba kumbe dawa ilikuwa chai yangu.

Siku moja asubuhi nilisiliba sakafu ya chumba chao kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Nikavuta mlango, nikamwambia Oliva mtu asiingie mpaka ikauke. Tukakaa nje juani, yeye anachambua mboga, mimi nimembeba Basili mgongoni kwa kitenge. Alikuwa amelala. Nilikuwa nasikia pumzi yake shingoni kwangu.

Chumbani kukanguruma.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia tangu Mtasema alipokuwa hai. Nywele zilinisimama. Oliva alisimama ghafla, mikono tayari kunyakua, akamtazama Basili. Basili alikuwa amelala mgongoni mwangu. Akautazama mlango uliofungwa. Akamtazama tena Basili.

Nikaona uso wake unabadilika. Niliogopa uso ule kuliko ile sauti.

"Si huyu," alinong'ona. "Dada, si huyu anayengurumiwa."

Alisukuma mlango. Sakafu ilikuwa bado mbichi, inang'aa. Kutoka kizingitini kulikuwa na alama. Viganja viwili vidogo, magoti mawili. Viganja, magoti. Zilikwenda moja kwa moja kuelekea pembe ya giza nyuma ya kitanda, ndiko sauti ilikotoka. Hapakuwa na alama ya kurudi. Wala hapakuwa na unyayo wa mbwa.

"Belinda yuko naye huko," dada yangu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia bila machozi. "Siku zote hizi yuko naye. Bado anamfuata. Bado anamkataa. Nami nakimbia na Basili, namwacha."

Nilimshika mkono. Akautoa.

Aliingia pekupeku, miguu inazama kwenye udongo. Mngurumo ukapanda. Oliva alifika pembeni pale, akajiweka kati ya alama zile na pembe, mgongo wake kwenye giza. Akainama.

"Njoo," alisema. "Njoo kwa mama. Mwache mbwa apumzike."

Akanyoosha mikono, akainua. Aliinua hewa, lakini aliinua kama mtu anayeinua uzito, mabega yakashuka kidogo, mkono mmoja ukashika chini na mwingine ukashika mgongo. Mngurumo ukakatika. Kimya kikawa kikubwa, nikasikia kuku wakiparua nje.

Alikaa hivyo muda mrefu, akijitikisa taratibu. Halafu mikono ikalegea, ikawa mitupu, akatoka. Alinipita, akaketi juani palepale alipokuwa, akalia. Alilia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi, nami nikalia naye, na Basili akaamka akalia pamoja nasi.

Tangu siku ile haijanguruma tena, si kwangu, si Endasak.

Jioni nilimwomba gauni nilifue. Alikataa. Nilidhani ni uchovu, nikamgeuza ili nimvue mwenyewe kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Ndipo nikaona. Juu ya bega lake la kushoto, upande wa nyuma, ambako mkono wake mwenyewe haufiki, kulikuwa na udongo wa sakafu yangu, umekauka. Kiganja kimoja kidogo. Vidole vyote vitano vimekunjwa kidogo, vya mtoto aliyejishikilia vizuri.