Majina Katika Daftari la Bernadeta

Kila siku masomo yalipokwisha, Ethel alipitia kwenye banda la kubangulia korosho pale Makote. Mama yake, Yuster, alifanya kazi humo pamoja na wanawake wengine kumi na mmoja. Wee, banda lile lilikuwa na raha yake. Walipaka mikono jivu ili mafuta makali ya maganda yasiwachome, wakagonga korosho moja moja, na midomo nayo haikupumzika. Huyu anasimulia harusi, yule anamtania wifi yake kwa Kimakonde, wote wanacheka.

Jumatatu moja akaja msimamizi mpya, Bernadeta, dada wa maneno machache kutoka Kagera. Kesho yake Ethel alimwona akipita nyuma ya wanawake waliokuwa wakiongea, akiwatazama, kisha akiandika majina daftarini. Ethel alikuwa kiranja wa darasa la sita, na kwa kiranja majina yakiandikwa hivyo maana yake ni moja tu.

"Mama," alinong'ona njiani, "yule anti anaandika wapiga kelele. Nimeliona na jina lako."

Uongo mtupu. Hakuwa ameliona jina la mtu yeyote. La mama aliliongeza mwenyewe ili habari inoge.

Habari ikasambaa. Jumatano banda zima likanyamaza. Bernadeta akisalimia, wanaitikia kwa kichwa tu na kuinama. Korosho nazo zikaanza kuvunjika ovyo, kwa kuwa kila mtu alifanya kazi akisikiliza nyayo nyuma yake. Bernadeta, ambaye hakujua Kimakonde, alipowasikia wakinong'ona alidhani anasengenywa, akajifungia ofisini.

Ijumaa Ethel alimsikia mama yake akimwambia Mama Stamili, jirani yake wa benchi, "Mimi Jumatatu siji. Siwezi kuandikwa jina kama mtoto wa shule."

"Ukiondoka wewe, tunaondoka wote," alijibu Mama Stamili.

Yuster aliipenda kazi ile, na kwa miaka minne alirudi nyumbani akiimba. Ethel aliona aibu, akaogopa, lakini akaenda kubisha mlango wa ofisi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Una shida gani?"

Ethel alisema yote, hata lile jina aliloliongeza. Bernadeta hakumkaripia. Alichukua daftari, akamshika mkono, wakaenda kusimama katikati ya banda.

"Wasomee," alisema.

Ethel akasoma kwa sauti ndogo. "Mama Stamili, kidole gumba kimeungua. Mwanne, kiganja cha kushoto, kidonda kipya. Upendo, vidole viwili." Alifika mwisho. Jina la Yuster halikuwamo, maana mikono yake ilikuwa mizima. "Mama, nilikudanganya," alisema, machozi yakimtoka.

"Ni orodha ya kuombea glovu," Bernadeta alieleza. "Zinakuja wiki ijayo. Nami nimekosea. Niliandika bila kuwaambia ninaandika nini, nikawaacha mkibahatisha."

Watu walitazamana. Kisha Mama Stamili akasogea kwenye benchi. "Kumbe nimekununia siku tatu bure, dada yangu. Njoo ukae hapa tukufundishe Kimakonde, usije ukadhani tunakusema."

Banda likaangua kicheko, na Bernadeta akacheka zaidi ya wote. Yuster alimvuta binti yake karibu, akamfuta machozi kwa pindo la khanga.

"Unaona, mwanangu? Paa ni lile lile, benchi ni zile zile. Kilichobadilika ni tulivyopaona hapa, na pakawa vile vile tulivyopaona. Siku nyingine uliza kwanza, wala usiongeze la kwako. Siku tatu tumemwogopa msimamizi mkali ambaye hajawahi kukanyaga banda hili. Tulimfinyanga wenyewe, na wewe ndiye uliyetuletea udongo."