Kamba Iliyojibu

Kamba ya ndoo ilikatika kisimani jua likizama, ndoo ikiwa tayari ukingoni, na Émilie alikuwa amebakiza kuteka mara moja tu. Akaitukana kamba, akamtukana na aliyemuuzia. Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Alitaka mengine ya kuyapoozea kidogo, amwogeshe mumewe.

Désiré alikuwa anasikia baridi. Katika Kisangani! Mji ambao watu hulala wamevua mashati na bado wanatota jasho, yeye alijifunika blanketi mbili na meno yakamgongana. Tangu arudi kutoka mlima Ruwenzori alikuwa anakonda tu, na waganga wa hospitali hawakuona malaria wala kitu kingine. Majirani wa mtaa wa Kabondo mwanzoni walicheka. Sasa walikuwa wameacha, na kule kunyamaza kwao kulimtisha Émilie zaidi. Mumewe alikuwa anaisha mbele ya macho yake.

Désiré alifundisha jiografia chuoni. Alipanda na mwenzake Zakaria kwenda kupima barafu ya mlimani, ile inayopungua kila mwaka. Kabla ya safari alimweleza Émilie lile bonde: barafu ya zamani ndiyo iliyolichonga, likawa na tumbo pana na kuta zilizosimama, kama mtumbwi wa wavuvi wa kwao Émilie, Yanonge. Juu barafu, chini ziwa la kijivu. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. "Zakaria alianguka," alisema, hakuongeza neno. Kamba yao ya kupandia akaisukuma chini ya kitanda.

Kamba ndefu, nzuri, imelala bure! Émilie akaichomoa. Ncha moja ilikuwa na kitanzi kilichokazwa mpaka vidole vyake vikashindwa kukifungua. Basi akaifunga ndoo juu zaidi, akauacha mkia mrefu na kitanzi chake uning'inie chini ya ndoo. Ncha nyingine akaikaza kwenye nguzo ya kisima, akateremsha.

Ndoo ikagonga maji. Akangoja ijae.

Vyura wa mferejini wakanyamaza wote pamoja... Harufu ikapanda kutoka kisimani. Haikuwa ya matope. Ilikuwa ya mawe yaliyosagwa, na ya baridi, kama sanduku la barafu la wauza samaki linapofunguliwa.

Kisha kamba ikavutwa.

Taratibu. Mara moja.

Sasa, Émilie ni binti wa wavuvi. Tangu utotoni mkono wake ulifundishwa: mshipi wa ndoana ukivutwa, nawe unavuta hapohapo, kabla samaki hajatema. Hakuwaza. Mkono wenyewe ulijibu.

Akavuta.

Kule chini kitu kikavuta tena... kwa nguvu zaidi, kama kimefurahi.

Akaipandisha ndoo mbio mbio, viganja vikamchubuka. Akaitua ukingoni. Juu ya maji kilielea kipande cha barafu. Na ule mkia uliobaki kisimani ulikuwa umekazika, unakwaruza ukingo. Kra... kra...

"Mama Clémence." Désiré alikuwa mlangoni na blanketi zake, anaitazama barafu. "Iyo kamba ulikamata wapi?"

"Ya ndoo ilikatika, Papa Clémence. Alors nilikamata yako."

"Ilivutwa?"

"Ilivutwa."

"Na weye, ulivuta?"

Émilie akavificha viganja vilivyochubuka. Désiré akaelewa. Akaketi pale pale kwenye udongo.

"Kule juu upepo inakula sauti," alinong'ona. "Donc mutu anavuta kamba, ni kusema: uko? Mwenzake akivuta, ni kusema: niko, ukuje. Zakaria alianguka mu ufa ya barafu. Nilivuta, akajibu. Usiku muzima nilivuta, akajibu. Asubuhi wabebaji tuliwaacha chini walifika, tukapandisha kamba..."

"Bon. Na yeye?"

"Kamba ilikuwa nyepesi. Kitanzi iko vile unaona, imekazwa. Mutu hakuwa ndani."

Émilie alisikia nywele zikimsimama. "Sasa nani alikuwa anakujibu?"

"Sijui." Akagusa kiuno chake. "Tangu siku ile inanivuta hapa. Inauliza. Inauliza kila siku... na miye nilikataa kujibu."

Yeye alikataa, na mkewe akajibu kwa ajili yake.

Émilie akakimbilia panga la kuni. Akajaribu kuikata ile kamba, mara ya kwanza, mara ya pili. Panga likateleza juu yake kama juu ya chuma. Alipiga kwa woga na kwa hasira, hasira juu yake mwenyewe, na juu ya mume aliyeficha jambo kama hili chini ya kitanda wanacholalia. Akapiga tena. Hata uzi mmoja haukukatika.

Ghafla kamba ikalegea.

Ikaangukia ukingoni, laini, haina uzito wowote.

"Imeachia!" Émilie alitupa panga, analia na kucheka. "Papa Clémence, imetuachia!"

Désiré hakucheka.

"Kamba ikikazika, mwenzako ananing'inia," alisema polepole. "Ikilegea... anapanda."

Ndani ya kisima kitu kikagonga ukuta. Kikatulia. Kikagonga tena, juu kidogo.

Émilie akamshika mumewe makwapani, amwinue wakimbie. Akashindwa. Akajaribu tena, akimwita jina lake, akimsihi kwa jina la Mungu na la mtoto wao Clémence. Désiré alibaki ameketi vilevile, macho kwenye mdomo wa kisima, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, tayari kumpokea mtu.